Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jinsi Wazee wa Marekani Walivyopata Haki Zao



Wapendwa wanaparokia, wengi wenu mna mtoto, ndugu au jirani anayeishi Marekani, na mkiulizwa anafanya kazi gani huko, si wachache mtakaojibu kwamba anatunza wazee. Katika majimbo ya Minnesota, Massachusetts, Texas na kwingineko, Wakenya, Watanzania na Wakongo wamo miongoni mwa watu wanaokesha usiku wakiwageuza wagonjwa vitandani, wakiwalisha, wakiwaogesha na kuwabadilisha nguo. Ada nyingi za shule zinazolipwa hapa kwetu zimetoka katika jasho hilo. Nimeona basi inafaa wiki hii tuitazame historia ya nyumba hizo wanamofanyia kazi, hasa kwa upande mmoja: ilikuwaje mzee anayeishi humo, ambaye zamani alikuwa mtu wa kuonewa huruma tu, akawa mtu mwenye haki anazoweza kuzidai mbele ya sheria pale anapopigwa, anapofungwa au anapoachwa bila matunzo.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika historia nitakayowasimulia, karibu kila hatua ya haki ilianza siku mtu wa nje alipoingia ndani na kuona kwa macho yake. Sheria ilifuata nyuma. Na pale mgeni alipokosekana, hata sheria nzuri ilibaki maandishi tu.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya 19, mzee wa Marekani aliyekosa mali na mtoto wa kumtunza aliishia katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na wilaya. Humo alichanganywa na wagonjwa wa akili, yatima na walevi, na kule kuingia tu kulihesabiwa kuwa aibu kwa ukoo mzima. Walikuwepo pia watawa na vyama vya hisani vilivyofungua makao yao wenyewe. Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan huko Ufaransa mwaka 1839, walifika Brooklyn mwaka 1868 na kuanza kuwapokea wazee wasio na kitu. Lakini iwe kwa serikali au kwa watawa, alichopewa mzee kilikuwa hisani. Akitendewa vema alishukuru. Akitendewa vibaya hakuwa na mahali pa kupeleka kilio chake.

Mwaka 1935, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, na serikali kuu ikaanza kuchangia fedha za kuwasaidia wazee maskini. Waliotunga sheria hiyo walizichukia nyumba za maskini, wakaweka sharti kwamba msaada usilipwe kwa mzee anayeishi katika taasisi ya umma. Nia yao ilikuwa njema: wazee wakae majumbani mwao. Lakini wapo waliokuwa wagonjwa mno, wasio na nyumba wala mtu. Hao walihamia kwa watu binafsi waliopangisha vyumba, na wenye nyumba wakaona kwamba wakiajiri muuguzi mmoja au wawili wangeweza kupokea zile fedha kila mwezi. Kutokana na sharti lile lililowekwa kwa nia njema, biashara ya nyumba za wazee ilikua kwa kasi. Ilipita miaka 15, hadi marekebisho ya mwaka 1950, ndipo majimbo yalipotakiwa kuwa na chombo cha kuweka na kusimamia viwango vya nyumba hizo.

Kisha ukaja mwaka 1965. Tarehe 30 Julai Rais Lyndon Johnson alitia saini mipango miwili mikubwa ya matibabu, Medicare kwa ajili ya wazee na Medicaid kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Medicaid ndiyo iliyokuja kuwa mlipaji mkuu wa wazee wanaoishi miaka mingi katika nyumba hizi. Fedha za umma zilipomiminika, majengo yalichipuka kama uyoga baada ya mvua, na kampuni nyingine ziliuza hata hisa zake kwa umma. Seneta Frank Moss wa Utah alipigania marekebisho ya mwaka 1967 yaliyodai viwango vya matunzo na usalama, ila utekelezaji wake ulikwenda mwendo wa kinyonga.

Gharama ya kuchelewa ilionekana mapema. Usiku wa tarehe 9 Januari 1970, moto ulizuka katika nyumba ya wazee mjini Marietta, Ohio, nao zaidi ya wazee 30 wakafariki, wengi wao kwa moshi mzito uliotoka katika zulia lililokuwa likiungua. Katika kiangazi cha mwaka huohuo, wazee zaidi ya 20 wa nyumba moja ya Baltimore walikufa kwa sumu ya chakula. Taifa lilishtuka, lakini waliokuwa wakiishi humo hawakushangaa.

Mwaka huo huo wa 1970 akatokea mgeni wa aina ya pekee. David Pryor, mbunge kijana kutoka Arkansas, alianza kutumia siku zake za mwisho wa wiki kufanya kazi ya msaidizi wa wagonjwa katika nyumba za wazee karibu na Washington, bila kujitambulisha. Hakuletewa ripoti mezani. Alishika beseni na shuka kwa mikono yake. Alipolisimulia Baraza la Wawakilishi aliyoyaona, aliomba iundwe kamati ya kushughulikia mambo ya wazee, naye akanyimwa. Basi aliweka matrela kwenye kituo cha mafuta si mbali na jengo la Bunge, akayafanya ofisi, akakusanya vijana wa kujitolea, na kazi ya uchunguzi ikaendelea hapo. Mwaka 1974 Baraza hilohilo lilikubali kuunda kamati aliyoiomba. Pryor baadaye alikuwa gavana na seneta, na alifariki mwaka 2024.

Kelele hizo zilifika Ikulu. Mnamo Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitangaza mpango wa mambo manane wa kurekebisha nyumba za wazee. Mojawapo lilizaa matunda yanayodumu mpaka leo: mtu wa kusikiliza malalamiko ya wakazi na kuwasemea, ambaye wao humwita ombudsmani, neno lenye asili ya Uswidi. Sisi tunaweza kumwita mtetezi wa wakazi. Majaribio yalianza mwaka 1972 katika majimbo machache, yakapata msukumo mkubwa kwa Arthur Flemming, aliyeongoza idara ya serikali kuu ya mambo ya wazee, na mwaka 1978 sheria ikaliamuru kila jimbo liwe na ofisi ya mtetezi huyo. Tafakarini maana yake. Serikali ilikuwa imekiri kwamba mzee aliye kitandani hawezi kutoka kwenda kulalamika, kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kumfuata kitandani pale na kumwuliza, "Mzee, unatendewaje?"

Mwaka 1974 kanuni za serikali kuu ziliorodhesha pia haki za wagonjwa katika nyumba za uuguzi. Kuorodhesha haki, hata hivyo, ni jambo moja, na kuwa na njia ya kuidai ni jambo lingine. Tofauti hiyo ilionekana wazi New York. Huko Bernard Bergman, mfanyabiashara mwenye mtandao wa nyumba za wazee, aliandamwa na magazeti na wachunguzi kwa hali mbaya iliyodaiwa kuwemo katika nyumba zake. Mwaka 1975 jimbo likamteua Charles Hynes kuwa mwendesha mashtaka maalumu. Mwaka 1976 Bergman alikiri makosa, na Jaji Marvin Frankel wa mahakama ya serikali kuu akampa kifungo cha miezi minne. Lakini makosa yale yalikuwa ya udanganyifu wa fedha. Jaji mwenyewe alieleza kwamba mtu huyo hakuwa ametiwa hatiani kwa kuwatesa wagonjwa, na hivyo asingeweza kuadhibiwa kwa jambo hilo. Sheria ilijua kuhesabu dola zilizoibwa kutoka hazina ya umma. Ilikuwa bado haijajifunza kuhesabu usiku ambao mzee alilala katika uchafu wake akiita na asijibiwe.

Waliobadilisha jambo hilo walitoka ndani ya nyumba zenyewe. Mwaka 1975, huko Colorado, wakazi wa nyumba za uuguzi walifungua kesi. Aliyetoa jina lake kwa kesi hiyo alikuwa mgonjwa aliyeitwa Smith, na alikwisha kufa kabla hukumu ya mwisho haijatoka, ndiyo maana vitabu vya sheria huitaja kesi kwa jina la mirathi yake dhidi ya Heckler, waziri wa afya wa wakati huo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: serikali inalipia matunzo yetu, basi ina wajibu wa kuhakikisha kwamba matunzo hayo yapo kweli.

Ushahidi uliotolewa mahakamani unastahili kukumbukwa. Fomu waliyoitumia wakaguzi ilikuwa na maswali 541. Kati ya hayo ni 30 tu yaliyogusa, tena kwa mbali, matunzo ya mgonjwa au yaliyoweza kumlazimu mkaguzi amtazame mgonjwa mwenyewe. Yaliyobaki yaliuliza juu ya majengo, mafaili na taratibu. Nyumba iliulizwa kama inaweza kutoa matunzo. Haikuulizwa kama inayatoa. Mkaguzi aliweza kumaliza kazi yake, akanywa kahawa na msimamizi, akaondoka bila kuinua shuka hata moja kuona kama kuna kidonda cha kulalia. Mwaka 1984 mahakama ya rufani iliamua kwamba waziri alikuwa na wajibu wa kisheria wa kuweka mfumo unaomwezesha kujua kama wakazi wanapata matunzo bora. Ukaguzi ukalazimika kuanza kumtazama mtu.

Wakati huohuo, mwaka 1982, serikali ya Rais Ronald Reagan ilikuwa imependekeza kulegeza kanuni, na upinzani ukawa mkali. Palikubaliwa kwamba taasisi huru ya kitaaluma ya mambo ya tiba ifanye uchunguzi kwanza. Muungano wa raia wanaotetea wakazi, ulioanzishwa mwaka 1975 na Elma Holder, haukungoja wataalamu wamalize. Uliwafuata wakazi zaidi ya 400 katika miji 15 na kuwauliza wenyewe maana ya matunzo bora. Majibu yalitolewa mwaka 1985. Wengi walianza na wahudumu: wawe wema, wawe wa kutosha, wajue kazi. Walitamani pia kuchagua mambo madogo ambayo sisi wazima hatuyahesabu kuwa kitu, kama saa ya kuamka au chakula cha kula. Ripoti ya taasisi ile ilitoka mwaka 1986, nayo ilikubaliana nao katika mengi.

Ndipo tarehe 22 Desemba 1987 Rais Reagan alipotia saini sheria kubwa ya bajeti iliyobeba ndani yake mageuzi ya nyumba za wazee. Ndugu zangu, mwaka 1987 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia hii. Naomba mnivumilie nitaje kwa kirefu kidogo yaliyomo, kwa kuwa ndugu zetu walioko huko wanaishi na sheria hii kila zamu ya kazi.

Kwanza, kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid inatakiwa kumpa mkazi huduma zitakazomwezesha kufikia au kudumisha kiwango cha juu kabisa cha afya ya mwili, akili na maisha ya kijamii anachoweza kukifikia. Maana yake ni kwamba kumhifadhi tu mtu mpaka afe si utii wa sheria. Pili, mkazi ana haki ya kuwa huru dhidi ya unyanyasaji, na dhidi ya kufungwa kwa mikanda au kupewa dawa za kumlegeza kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia kazi wahudumu. Tatu, ana haki ya faragha, ya kuchagua daktari wake, ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, ya kutunziwa fedha zake kwa hesabu iliyo wazi, na ya kushiriki shughuli za kijamii na za dini. Nne, anaweza kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Tano, hawezi kuondolewa kiholela: zipo sababu chache zilizotajwa na sheria, taarifa ya maandishi kwa kawaida hutolewa siku 30 kabla, na anaweza kukata rufaa.

Sheria hiyo haikuwasahau wahudumu. Iliweka mafunzo yasiyopungua saa 75 kwa msaidizi wa muuguzi, na daftari la kila jimbo linaloonyesha ni nani amepata cheti na ni nani amethibitika kumtesa mkazi. Ukaguzi ulipaswa kufanyika bila kupiga hodi mapema, wala miezi isizidi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Na wageni walipewa mlango wao: familia inaruhusiwa kumwona mzee wake kwa ridhaa yake, mtetezi wa wakazi anaruhusiwa kuingia, na wakazi pamoja na familia zao wanaweza kuunda mabaraza ambayo uongozi wa nyumba hauna budi kuyasikiliza.

Je, ilifaa kitu? Tazameni mikanda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, takribani wakazi 4 katika kila 10 walikuwa wakifungwa vitandani au vitini, na wataalamu waliamini kwamba ni kwa usalama wao, wasije wakaanguka. Sheria ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka 1990, wauguzi walilazimika kutafuta njia nyingine, na ilidhihirika kwamba kumfunga mtu humdhoofisha na kumletea vidonda na huzuni. Leo wanaofungwa ni chini ya 2 katika kila 100. Maelfu kwa maelfu ya watu walifunguliwa mikono kwa sababu ya maneno machache ndani ya sheria ya bajeti.

Walakini, mkanda wa kitambaa ulipoondoka, katika nyumba nyingine ulikuja mkanda usioonekana: dawa za kutuliza akili, alizopewa mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ili asisumbue. Jambo hili ndilo lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Talevski kutoka jimbo la Indiana. Familia ilidai kwamba mzee wao alipewa dawa nzito mfululizo katika nyumba inayomilikiwa na umma, akazidi kudhoofu, kisha akahamishwa mbali nao bila utaratibu. Wenye nyumba walijibu kwamba sheria ya mwaka 1987 ni makubaliano ya fedha kati ya serikali kuu na majimbo, wala haimpi mkazi nafasi ya kushtaki. Tarehe 8 Juni 2023, kwa kura 7 dhidi ya 2, mahakama ilikataa hoja hiyo. Katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, ilisema kwamba haki ya kutofungwa pasipo lazima na haki ya kutohamishwa kiholela ni mali ya mkazi mwenyewe, naye anaweza kuzidai mahakamani. Mzee aliyehusika alikuwa amekwisha kufa mwaka 2021. Kama yule wa Colorado, alipanda mti ambao wengine watakaa kivulini mwake.

Hukumu hiyo ina mpaka wake. Njia ile ya kushtaki huhusu nyumba za umma, ilhali zaidi ya theluthi mbili za nyumba takribani 15,000 za nchi ile ni za wafanyabiashara. Kwa hizo, familia hutegemea sheria za jimbo lao kuhusu uzembe na madhara, na hapo kuna mtego wa karatasi. Siku ya kumpeleka mzee, katikati ya majonzi na haraka, familia hupewa rundo la fomu, na ndani yake huenda ikawemo ahadi ya kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi binafsi, si mahakamani. Kanuni ya mwaka 2019 inakataza kuifanya saini hiyo kuwa sharti la kumpokea mgonjwa, na inampa aliyesaini siku 30 za kubadili mawazo. Wenye ndugu huko wawaambie: someni kabla ya kusaini, na jueni kwamba mnaweza kukataa.

Tusidhani pia kwamba vita vimekwisha. Wakaguzi wa hesabu na utendaji wa serikali kuu walieleza mwaka 2019 kwamba makosa ya unyanyasaji yaliyoandikwa na wakaguzi wa nyumba yaliongezeka kutoka 430 mwaka 2013 hadi 875 mwaka 2017. Tena haya ni yale yaliyoonekana. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya korona, milango ilifungwa kwa wageni karibu wote, na haikufunguliwa kikamilifu hadi Novemba 2021. Zaidi ya wakazi 150,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Haja ya kuzuia maambukizi ilikuwepo. Lakini katika miezi ile familia nyingi zilimwona mama yao kupitia kioo cha dirisha tu, na hakuna aliyeweza kuinua shuka. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya idadi ya chini ya wauguzi kwa kila nyumba. Mwaka 2025 jaji mmoja huko Texas aliifuta, baada ya wamiliki kudai kwamba wauguzi hawapatikani na gharama haibebeki. Hivyo swali ambalo wakazi wale 400 waliliweka mbele mwaka 1985, la wahudumu wa kutosha, lingali mezani.

Sasa neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi humo. Historia hii imewaweka mahali pagumu na pa heshima. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka kila mfanyakazi wa nyumba hizo anayeshuku kwamba mkazi ametendewa kosa la jinai atoe taarifa kwa polisi na kwa idara ya jimbo: ndani ya saa 2 ikiwa kuna jeraha kubwa, na ndani ya saa 24 kwa mengine. Nyumba hairuhusiwi kumlipizia kisasi aliyetoa taarifa. Najua lililo moyoni mwa mtu aliye mbali na kwao. Anahofia kazi, anahofia karatasi zake za ukaazi, anafikiri juu ya wale wanaomtegemea nyumbani, na anayemwona akikosea huenda ni mwenzake waliyekula naye ugali jana. Lakini yule mzee ambaye watoto wake wako mbali, usiku ule, hana shahidi mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo. Na mara nyingi mtu pekee aliyepo ni huyu mtoto wetu. Mkiongea naye kwa simu, msiishie kuomba ada. Mwulizeni pia wazee wake wanaendeleaje. Akisema anabeba wagonjwa wengi kuliko nguvu zake, msikilizeni, kwa maana mhudumu aliyechoka kupita kiasi yuko karibu sana na kosa, hata akiwa na moyo mwema.

Na mwenye mzazi au shangazi ndani ya nyumba hizo afanye kama walivyofanya wote niliowataja: aende. Aende saa zisizozoeleka, si Jumapili mchana tu wakati kila mtu amevaa vizuri. Atazame ngozi, midomo kama imekauka, uzito kama umepungua, na macho ya mzee anapoingia mhudumu fulani. Aandike tarehe na alichokiona. Akiona shaka, aanze na uongozi wa nyumba. Asiposikilizwa, amwite mtetezi wa wakazi wa jimbo, ambaye huduma yake ni bure, au idara ya jimbo inayokagua nyumba hizo. Kwenye hatari ya wazi asingoje: apige simu polisi.

Yapo mambo tunayoweza kujifunza bila kupanda ndege. Hapa kwetu wazee wengi wanaishi na familia zao, nasi tunajivunia hilo kwa haki. Lakini chumba cha nyuma ya nyumba nacho kina mlango, na mlango ukifungwa ni mlango tu, uwe Ohio au uwe hapa kigangoni. Bibi anayedaiwa kuwa "amelala" kila mgeni anapofika, babu ambaye shamba lake limeuzwa bila yeye kuelezwa, hao pia wanahitaji mtu wa kuingia na kuwauliza wao wenyewe. Naomba viongozi wa jumuiya ndogondogo waandike majina ya wazee wasiofika tena kanisani, na wale wanaowapelekea Ekaristi wakae nao robo saa zaidi baada ya sala, wawasikilize bila jamaa kuwajibia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mzee ni kuonwa.

Mwezi huu, kila jumuiya ichague nyumba mbili za kutembelea. Msisahau kubisha hodi kwa sauti.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu.